Usawa Kamili Haumo Mwilini: Fikra Juu ya Upasuaji wa Kuinua Matiti

Mnamo mwezi wa Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe, akapokewa kwa ukarimu na mtawala wa nchi, Rumanyika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke aeleza jinsi alivyowastaajabia wanawake wa jamaa ya mtawala, ambao walinyweshwa maziwa kwa wingi hadi wakanenepa mno, kwani unene ndio uliokuwa kipimo cha uzuri wao. Akatoa utepe, akampima mmoja wao mkono, kifua, paja na kimo. Kifua alikiandika kuwa futi 4 na inchi 4, yaani kama sentimita 132.

Tangu siku hiyo imepita zaidi ya miaka 160. Maziwa yangali yakinywewa Karagwe, lakini kipimo kile cha uzuri kimetoweka pamoja na watu wake. Mahali pake kimeingia kipimo kingine, nacho hakiletwi na msafiri mwenye utepe. Huletwa na picha za simu, ambamo pande mbili za mwili hulingana kama karatasi iliyokunjwa katikati na kukatwa kwa mkasi mmoja. Nami nathubutu kusema kwamba kipimo hiki kipya ni kikali kuliko kile cha zamani. Kile cha zamani kiliweza kufikiwa, ingawa kwa taabu. Hiki hakifikiki, kwa sababu maumbile yenyewe hayakijui.

Yaliyonifanya nishike kalamu ni haya. Katika kata ya Kituntu yuko mama mmoja, mwalimu mwenzangu, ambaye jina lake silitaji. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, na watoto watano. Kwa miaka mingi uzito wa matiti ulimletea maumivu ya shingo na mgongo. Kanda za sindiria zilimchimba mabegani, na kila alipoinama kupalilia maharage chini ya migomba aliinuka kwa kujishika kiuno. Mwanawe anayefanya kazi mjini akamlipia upasuaji wa kuyapunguza na kuyainua. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamepungua, lakini moyo wake ulikuwa umevunjika: titi la kushoto lilionekana kubwa zaidi, tena limekaa juu kuliko la kulia.

Minong'ono ikaanza. Akaacha kwenda kwaya. Katika mwezi wa tatu alinijia jioni, akaniambia, "Dada, wameniharibu. Nataka kurudi wanikate tena." Nikamwuliza fedha zitatoka wapi. Akajibu kwamba amekwisha mpata mtu wa kununua kahawa yake ikingali maua mtini. Msomaji wa Kagera aijua biashara hiyo. Ndiyo butura, ambayo mkulima huuza mavuno ya kesho kwa bei ya kutupa, na ambayo Serikali imeipiga marufuku. Hivyo mama huyu alikuwa tayari kuitoa kahawa ya mwaka mzima ili akatwe mara ya pili kwa kosa ambalo, kama tutakavyoona, halikuwa limethibitika kuwa kosa.

Maumbile hayatumii rula

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi wa biolojia hulisoma bila kulitia maanani. Moyo umeelemea kushoto. Pafu la kulia lina ndewe tatu, la kushoto mbili. Ini limekaa kuume, bandama kushoto. Hata viungo tunavyoviita jozi, kama vile macho, masikio, mikono na nyayo, havilingani barabara. Ndivyo yalivyo matiti pia: wanawake walio wengi wana tofauti ya ukubwa, ya umbo au ya mahali, na wengi wao hawaijui kwa sababu hawakupata kuipima. Wahenga walikwisha liona jambo hili waliposema kwamba vidole vya mkono havilingani.

Sababu yake si siri. Chembe za upande wa kulia na za upande wa kushoto hufuata maagizo yale yale ya urithi, lakini kila upande hujijenga peke yake. Katika kugawanyika kwa mamilioni ya chembe hutokea hitilafu ndogondogo za bahati, na hitilafu za upande mmoja hazifanani na za mwingine. Kwa sababu hiyo pia, msichana anapobalehe, si ajabu upande mmoja ukatangulia kukua na mwingine ukafuata. Jambo hili ni la kawaida, na aghalabu tofauti hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Ndugu Mwalimu, usiwaambie wanafunzi wako wakuamini kwa maneno, wape jaribio. Wachume majani thelathini ya mbuni, na kwa kila jani wapime kwa milimita upana wa kila upande, kuanzia mshipa wa katikati hadi ukingoni, mahali jani lilipo pana zaidi. Siku ya pili wapime tena bila kutazama tarakimu za kwanza, ili waone ni tofauti ipi iliyo ya jani lenyewe na ni ipi iliyo ya mkono wa mpimaji. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa urefu wa nyayo zao wenyewe. Wachore grafu. Wataona kwamba tofauti nyingi ni ndogo, kubwa ni chache, na kwamba pale walipopata sifuri, kifaa chenye usahihi zaidi kingaliweza kuonyesha tofauti. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatamcheka mtu kwa sababu pande zake hazilingani.

Kisu hufanya nini

Titi si msuli. Ni tezi za maziwa, mafuta na nyuzi za kushikilia, vyote vikiwa vimefunikwa kwa ngozi na kulala juu ya msuli wa kifua. Nyuzi hizo zilielezwa na mpasuaji Mwingereza Astley Cooper katika kitabu chake cha mwaka 1840, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Nyuzi na ngozi zikinyooka, titi hushuka. Wengi hudhani kwamba kunyonyesha ndiko kunakoleta kushuka huko. Uchunguzi mmoja uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 uliwapima akina mama waliowahi kupata mimba, ukaonyesha kwamba yaliyohusika ni umri, idadi ya mimba, unene, ukubwa wa matiti kabla ya mimba na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha kwenyewe hakukuongeza lolote. Basi mama asimnyime mtoto ziwa kwa kuogopa umbo lake.

Katika upasuaji wa kuinua, daktari huondoa ngozi iliyozidi, huikusanya tezi na kuipa umbo jipya, kisha huipandisha chuchu bila kuikata na mishipa inayoilisha damu. Kabla ya yote humchora mgonjwa kwa wino angali amesimama, akipima umbali kutoka bonde la shingo hadi chuchu kwa kila upande. Kwani mtu akilala, matiti huhama na vipimo hupotea. Kwa hiyo daktari hujenga mwili wa mtu aliyelala ili ufae kwa mtu aliyesimama. Tena hujenga juu ya mbavu na mabega ambayo yenyewe hayalingani, na ambayo kisu hakiyagusi. Bwana fundi aliyejenga nyumba juu ya msingi ulioinama aujua ugumu huo.

Wala kazi hii si mpya, wala si ya anasa peke yake. Mwaka 1895, huko Heidelberg, mpasuaji Vincenz Czerny alimwondolea mwanamke mmoja mwimbaji uvimbe katika titi. Ili kifua kisibaki upande mmoja, alichukua kinundu cha mafuta kilichokuwa mgongoni mwa mwanamke huyo huyo, akakijaza mahali palipobaki wazi. Hivyo historia ya kurekebisha titi kwa upasuaji yaelekea kuanzia katika swali hili hili la pande zisizolingana. Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake: mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kurekebisha maumbo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la madaktari warukao ambalo leo laitwa Amref, wazo lake likiwa limezungumzwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa katika tawi lake la Mloganzila huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbo na wa urembo. Kwa hiyo maswali ya mwalimu wa Kituntu yatazidi kuulizwa mwaka hata mwaka.

Tofauti ya kungoja na tofauti isiyongoja

Baada ya upasuaji, pande mbili hazivimbi kwa kiasi kimoja wala hazipoi kwa mwendo mmoja. Mkono wa kulia hufanya kazi zaidi, mtu hulalia ubavu mmoja, na upande uliokatwa zaidi huchelewa kutulia. Uvimbe mwingi huondoka katika wiki na miezi ya mwanzo, lakini umbo hutulia kati ya miezi sita na kumi na miwili, na kovu huweza kuchukua mwaka au zaidi kabla ya kulainika. Mwanzoni titi hukaa juu kupita kiasi. Kisha, kwa uzito wake lenyewe, hushuka mahali pake. Ndiyo maana wapasuaji hawapendi kukata tena kabla ya muda huo. Atakayekata katika mwezi wa tatu hulenga shabaha ambayo ingali ikisogea.

Lakini subira nayo ina mpaka, na hapa ndipo elimu inapookoa maisha. Siku za mwanzo, upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza kwa maumivu, huenda damu imevilia ndani. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ikiwa kuna homa, wekundu, joto, usaha au jeraha kufumuka, au ikiwa chuchu inageuka rangi na kuwa ya buluu au nyeusi, dalili kwamba damu haifiki. Hayo hayangojewi mwezi, wala hayapakwi dawa ya majani.

Miezi ikiisha kupita, yako mengine. Mafuta yaliyokosa damu huweza kufa na kuacha kinundu kigumu. Kovu huweza kukakamaa na kuvuta upande mmoja, au kufura na kuwa keloidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Na kila mwanamke, awe amepasuliwa au hajapasuliwa, yafaa ajue tofauti moja kubwa: pande kutolingana tangu zamani ni maumbile, lakini pande zilizokuwa zikilingana kisha zikaanza kuachana ni habari. Uvimbe mpya, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani, au damu inayotoka katika chuchu, yote yachunguzwe bila kukawia. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Anayeona haya kuonyesha titi lisilolingana ataona haya kuonyesha lenye uvimbe. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Na iwapo mwaka umepita na tofauti ingalipo, njia ziko kadhaa. Ya kwanza na ya rahisi ni kitambaa laini kilichoshonwa ndani ya sindiria. Kovu huweza kurekebishwa kwa upasuaji mdogo, pengine kwa ganzi ya mahali pamoja tu. Upande uliopungua huweza kujazwa mafuta yaliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na upande uliozidi huweza kupunguzwa. Kila njia ina gharama yake na kovu lake, na hakuna hata moja iletayo usawa kamili.

Kujibu wanaopinga

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wa mijini, na kwamba jarida la sayansi lisipoteze wino juu yake ilhali watu wanakufa kwa malaria. Nawajibu kwamba mwalimu wa Kituntu si tajiri, na alipasuliwa ili apate kushika jembe bila maumivu. Nawajibu tena kwamba mama aliyeondolewa titi kwa saratani hubeba tofauti iliyo kubwa kuliko zote, naye yupo mijini na vijijini. Tukijifunza kumheshimu mmoja, tumejifunza kumheshimu mwingine.

Wako na wa upande wa pili, wasemao kwamba mtu akilipa fedha zake ana haki ya kupata kile alicholipia, na kwamba mpasuaji aliyeacha pande hazilingani ameshindwa kazi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Uzembe upo, na mgonjwa aliyedhulumiwa asinyamazishwe kwa mahubiri ya subira. Lakini ili tutenganishe uzembe na maumbile, hapana budi tuwe na vipimo vya kabla. Pasipo vipimo na picha zilizopigwa kabla ya kisu, hakuna atakayejua ni tofauti ipi iliyoletwa na daktari na ipi iliyozaliwa na mgonjwa mwenyewe. Vipimo hivyo humlinda mgonjwa kama vile vinavyomlinda daktari.

Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Mama yule alikuwa na karatasi aliyopewa alipotoka hospitali. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari. Ndani yake mna maneno yote niliyoyaeleza: kwamba pande zake hazikulingana hata kabla, tena kwa vipimo, kwamba uvimbe utachukua miezi, kwamba arudi baada ya wiki sita. Yeye ni mwalimu, tena msomaji, lakini lugha ile ilimshinda, na nauli ya kurudi mjini ilimshinda pia. Aliweka sahihi asiyoielewa kabla ya kukatwa, akabeba nyumbani majibu asiyoyasoma baada ya kukatwa. Kwa maoni yangu, ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Mtu hajaridhia jambo mpaka aweze kulieleza kwa jirani yake kwa lugha anayonunulia chumvi sokoni.

Wajibu wetu

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kupendekeza. Kwanza, kila hospitali inayofanya upasuaji wa aina hii impe mgonjwa maelezo kwa Kiswahili, yakiwa na vipimo vya kila upande kabla ya upasuaji, muda wa kungoja, na dalili za hatari, na imwambie waziwazi kwamba usawa kamili hautapatikana. Pili, mgonjwa wa mbali apangiwe hospitali ya karibu naye ambako atatazamwa, ili asilazimike kuchagua kati ya nauli na afya. Tatu, nalo latuhusu sisi walimu, somo la ulinganifu wa viumbe lisiishie kwenye mchoro wa kipepeo ubaoni. Lifike hadi kwenye miili ya wanadamu, kwa heshima na kwa vipimo, ili vijana wetu watoke shuleni wakijua kwamba mchoro ule ni kielelezo tu, si sheria.

Jioni ile nilisoma karatasi pamoja na mama yule, neno kwa neno, tukatafsiri. Juma lililofuata tulikwenda wote kwa daktari katika hospitali ya wilaya, ambaye alimchunguza, hakuona vilio la damu wala maambukizo, akamwambia avae sindiria ya kushikilia na arudi kila baada ya miezi miwili. Kahawa haikuuzwa. Ilipofika miezi tisa uvimbe ulikuwa umekwisha, na titi la kushoto lilikuwa limeshuka. Bado halilingani na la kulia; tofauti ni kama upana wa kidole kimoja, karibu sawa na ile iliyoandikwa kabla hajakatwa. Kovu moja limefura, naye amepangiwa kulitibu. Upande wa kulia ameshonea kitambaa ndani ya sindiria, akarudi kwaya.

Siku moja nilimkuta shambani akichuma kahawa iliyoiva. Nikamtania kwa kumwonyesha majani yale tuliyokuwa tumeyapima na wanafunzi. Akachukua moja, akalikunja kwa kufuata mshipa wa katikati, akatazama upande mmoja ulivyochomoza nje ya mwenzake, akalitupa na kuendelea na kazi yake.